Kabla hujafunga mota kwenye kitanda cha bembea cha mtoto

Tuichukue familia moja ya mfano pale Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu. Baba ni fundi seremala. Mama amejifungua wiki mbili zilizopita, mtoto wao wa kwanza. Bibi, mama mzazi wa baba, amekuja kutoka kijijini kumsaidia mkamwana wake.

Mtoto anakula vizuri, anakojoa vizuri, ila halali mpaka abembezwe. Akilazwa tu, macho wazi. Mama anazunguka naye chumbani usiku kucha, mguu mmoja mbele ya mwingine, mpaka jogoo wanawika. Asubuhi bibi anampokea, lakini naye magoti yanamuuma.

Baba ana mbao na ana mikono. Anatengeneza kitanda kidogo cha bembea, kinachoning'inia kati ya nguzo mbili. Kinapendeza, majirani wanakuja kukitazama. Sasa mtoto hahitaji kubebwa, anahitaji mtu wa kusukuma. Lakini huyo mtu wa kusukuma saa nane za usiku ni yuleyule mama.

Ndipo baba anapopata wazo. Kwa fundi wa magari ameona mota ya waipa, imetolewa kwenye gari bovu. Inazunguka polepole, ina nguvu, na inatumia umeme wa betri. Akiifunga chini ya nguzo, ikawa inavuta na kusukuma, mama atalala.

Wazo hilo si la ajabu wala si la kuchekwa. Nchini India vitanda vya bembea vya watoto vyenye mota vinauzwa madukani. Marekani kuna kitanda kiitwacho SNOO, kilichoanza kuuzwa mwaka 2016 kwa zaidi ya dola 1,000, ambacho hujitikisa chenyewe mtoto akilia. Baba wa Lagangabilili anataka kitu hichohicho kwa bei ya spea ya mtumba.

Swali la mzazi lisiwe kama inawezekana, maana inawezekana. Ajiulize mota hiyo itafanya kazi gani, na kazi gani isiachiwe.

Kwa nini kubembeza kunamtuliza

Mtoto mchanga ametoka kwenye tumbo linalotembea. Miezi tisa mama alipochota maji, alipolima, alipopanda bodaboda, mtoto alikuwa anayumba naye. Kitanda kilichotulia ndicho kigeni kwake.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walichapisha utafiti wao juu ya watoto wachanga 21. Waliona kwamba mtoto anayelia akibebwa na mtu anayetembea kwa dakika 5 bila kusimama, anatulia, na karibu nusu yao hulala. Halafu wakaona jambo ambalo kina mama wengi wanalijua: ukimlaza mara tu anaposinzia, anaamka. Ukikaa naye kifuani dakika 5 hadi 8 kwanza, kisha ukamlaza, anaendelea kulala.

Bibi wa Itilima anayemfunga mjukuu mgongoni kwa kanga, akatembea naye uani, kisha akakaa kwenye kigoda kabla ya kumlaza, anafanya hivyohivyo bila kusoma utafiti wowote.

Kwa hiyo mtikisiko unasaidia, hilo ni kweli. Lakini angalia dakika hizo: 5, kisha 8. Hazizidi robo saa. Hakuna aliyesema mtoto atikiswe usiku kucha.

Usiku wa kwanza wa mota

Turudi kwa familia yetu. Mota imefungwa. Saa nne usiku mtoto ananyonya, anawekwa kitandani, swichi inawashwa. Kitanda kinakwenda na kurudi. Dakika kumi, mtoto kalala. Mama naye analala, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Anaamka saa kumi alfajiri, matiti yamejaa na yanauma kama mawe. Mtoto bado amelala, kitanda bado kinabembea. Saa sita zimepita.

Nyumba nzima inafurahi. "Mashine imefaulu," anasema baba. Bibi peke yake hafurahi. "Baba," anamwambia mwanawe, "mtoto wa wiki mbili halali hivyo. Huyu hajalala, amelazwa."

Baba anaona ni maneno ya watu wa zamani. Mota inaendelea, usiku na hata mchana, maana mama sasa anaweza kufua na kupika mtoto akiwa kimya.

Siku ya 28 mama anakwenda kliniki kama kadi inavyoelekeza. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Mizani inasoma kilo 3.3. Muuguzi anaangalia kadi, anamwangalia mama. Hagombi. Anauliza swali moja: "Mama, anyonya mara ngapi kwa siku?"

Mama anahesabu kwa vidole. Usiku mara moja. Mchana mara nne, labda tano.

Mtoto wa umri huo anapaswa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Watoto wengi wanaonyonya vizuri hurudia uzito wa kuzaliwa wakiwa na wiki mbili hivi, kisha huongeza takribani gramu 150 hadi 200 au zaidi kila wiki. Huyu alipaswa kuwa mbali zaidi.

Mtoto hakuwa mgonjwa, na maziwa ya mama hayakuwa mabaya. Alikuwa anatulizwa kila alipoanza kuomba.

Kilio ni cha mwisho, si cha kwanza

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Wanadhani mtoto mwenye njaa hulia. Hulia, ndiyo, lakini mwishoni. Kwanza huanza kugeuza kichwa huku na huku kama anatafuta. Hufungua kinywa. Hupeleka ngumi mdomoni, hunyonya vidole. Hujinyoosha na kugunaguna. Asipojibiwa ndipo analia.

Mama aliyembeba huona dalili hizo. Aliyelala naye karibu husikia mgugumo. Mota haioni wala haisikii. Inapokutana na mtoto anayegeuza kichwa kutafuta ziwa, inamtikisa tu, na mtoto mchanga, ambaye usingizi ni mwepesi kumchukua, anarudi kulala na njaa yake. Akilala na njaa siku kumi, mizani itasema.

Na njaa ndiyo jambo jepesi. Kilio, au kukosa kilio, ndiyo lugha pekee aliyonayo mtoto ya kusema anaumwa. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayelegea, aliye na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyepoa kuliko kawaida, anayepumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, aliyepata degedege, au aliyekuwa na macho na ngozi ya manjano, anapaswa kupelekwa kituo cha afya wakati huohuo, si kesho. Mtoto mlegevu anayebembezwa na mashine anafanana kabisa na mtoto mzuri aliyelala fofofo. Tofauti yake utaijua kwa kumgusa tu.

Hata hicho kitanda cha SNOO cha zaidi ya dola 1,000, mtoto akiendelea kulia kwa dakika chache husimama na kumwita mzazi. Waliokitengeneza walijua kuna mahali mashine inapaswa kuacha. Mota ya waipa haina akili hiyo. Akili hiyo lazima iwe ya mtu aliye chumbani.

Kama bado unataka kuifunga

Muuguzi hakumwambia mama avunje kitanda, na baba hakuhitaji kukivunja. Mzazi fundi anaweza kutengeneza kitu cha maana akizingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, kitanda chenyewe. Kabla ya mota, angalia mtoto analalaje. Alale chali, juu ya godoro gumu, lililonyooka. Mwaka 1994 Marekani walianza kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Jambo hilo halikuhitaji mashine.

Itilima ni nchi ya pamba, na kishawishi cha kujaza pamba laini ili mtoto ajisikie vizuri ni kikubwa. Usifanye hivyo. Godoro likibonyea, pua ya mtoto huzama humo. Mito, midoli na nguo zilizokunjwa zikae nje ya kitanda. Godoro lijae sawasawa pembe zote, lisiache upenyo wa kichwa kuingia. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6.

Kitanda cha kitambaa kilichofungwa kama machela kinamkunja mtoto, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba kama mrija. Weka ubao wa chini ulionyooka. Na kitanda kikisimama kibaki tambarare, kisiinamie upande wa kichwa wala wa miguu.

Suala la mwinuko si dogo. Kampuni ya Fisher-Price iliuza kuanzia mwaka 2009 kitanda kilichoinuka upande wa kichwa, kilichoitwa Rock 'n Play. Mwezi Aprili mwaka 2019 vitanda takribani milioni 4.7 viliondolewa sokoni baada ya taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30, na kufikia mwaka 2023 taarifa zilikuwa za vifo takribani 100. Tangu mwaka 2022 sheria za Marekani haziruhusu kuuza kitanda cha kulalia mtoto mchanga chenye mwinuko unaozidi nyuzi 10. Kilikuwa kitanda cha kiwandani, chenye jina kubwa. Kilichotengenezwa uani kinastahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi.

Pili, umeme. Umeme wa TANESCO wa volti 230 usifike kwenye kitanda cha mtoto kwa namna yoyote. Mtoto hukojoa, maziwa humwagika, nyaya husuguliwa na kitu kinachotembea mpaka gamba linaisha. Tumia volti 12 za betri, ile ya pikipiki au ya sola. Weka fyuzi karibu na betri, ili nyaya zikigusana fyuzi ikatike badala ya godoro kushika moto. Betri isikae chini ya kitanda. Ina asidi, na inapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Iweke mbali, penye hewa, na usiichaji ndani ya chumba alicholala mtoto. Nyaya zipite chini, zimebanwa vizuri, zisining'inie mahali ambapo mkono au shingo ya mtoto inaweza kufika.

Tatu, mwendo. Mafundi wengi hukosea hapa. Kitanda kinachoning'inia kina mwendo wake wa asili, na mwendo huo hautegemei sana uzito wa mtoto. Unategemea urefu kutoka mahali kinaponing'inia hadi mahali uzito ulipo. Urefu wa mita 1 huenda na kurudi mara 30 hivi kwa dakika. Urefu wa sentimita 60, mara 39 hivi. Mota nyingi za waipa, kwenye mwendo mdogo, huzunguka mara 40 na kitu kwa dakika, na kwenye mwendo mkubwa mara 60 au zaidi.

Ukiunganisha mota ya mizunguko 60 na kitanda kinachotaka kwenda mara 30, havitaelewana. Kimoja kinasukuma wakati kingine kinarudi, na kinachopatikana ni mtikiso wa kushtua, si bembea. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake bado haina nguvu. Asitikiswe kwa kushtuliwa, si na mtu wala na mashine.

Kwa hiyo anza na kitanda. Weka ndani mfuko wa mchele au mchanga wa kilo 5 badala ya mtoto, sukuma kidogo kwa mkono, hesabu kwa dakika moja. Hiyo ndiyo namba yako. Kisha punguza mwendo wa mota kwa kifaa cha kudhibiti spidi mpaka ifikie namba hiyo. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea ya shuleni: ukimpata kwa wakati wake, kidole kimoja kinatosha.

Nne, nguvu. Mota ya waipa ilitengenezwa kusukuma maji na tope kwenye kioo cha gari. Haisimami ikikutana na kidole. Usiiunge na kitanda kwa chuma kigumu. Tumia mpira, hata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ili mkono wa kaka au dada mdogo ukiingia, mpira uvutike na kitanda kisimame wakati mota inaendelea kuzunguka bure. Mkono wa mota uwe mfupi, wa sentimita chache tu. Mota yenyewe na mkono wake vifunikwe kwa boksi la mbao. Sehemu zinazozunguka zisionekane kabisa.

Tano, chandarua. Mtoto wa Kanda ya Ziwa halali nje ya chandarua chenye dawa, awe na mota au asiwe nayo. Lakini ukikifunga chandarua kwenye kitanda kinachotembea, kitavutwa, kitachanika au kitamwangukia mtoto. Kitundike darini, kikubwa, kifunike nguzo na kitanda vyote bila kugusa kinachobembea, huku mota ikiwa nje yake.

Sita, saa. Mota izime yenyewe baada ya dakika 10 au 15. Mafundi wa redio wanaweza kufunga swichi ya muda. Kama hakuna, basi iwashwe tu na mtu atakayekaa hapo mpaka aizime. Kama hawezi kukaa, asiiwashe.

Baada ya hayo yote, mfuko wa mchele ubembezwe siku tatu, saa nyingi mfululizo, mtoto akiwa bado mgongoni kwa bibi. Kila jioni baba akague bolti, nati, maungio na mahali panaposuguana. Kitakachokatika kikatike na mchele.

Na kitanda cha bembea kina mwisho wake. Siku mtoto anapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, wengi kati ya miezi 4 na 6, ahamishwe. Usisubiri mpaka aanguke ndipo ujue amekua.

Mama alihitaji nini

Jioni ile ya kliniki, mama aliporudi, baba alikuwa karakanani. Akamwonyesha kadi. Akamwambia alichosema muuguzi. Baba alinyamaza muda mrefu, akiangalia namba mbili: 3.1 na 3.3.

"Mimi nilitaka wewe ulale," akasema.

"Najua, baba mtoto," mama akajibu. "Lakini hukuniuliza ni saa ngapi nataka kulala."

Hilo ndilo swali ambalo mota haiwezi kulijibu. Mama aliyejifungua hachoki kwa sababu ya kubembeza tu. Anachoka kwa sababu kubembeza, kunyonyesha, kubadilisha nepi, kufua, kupika na kupokea wageni wote vimemwangukia mtu mmoja. Kunyonyesha hakuna wa kumsaidia. Mengine yote yana wasaidizi nyumbani, na mmoja wao ni yule aliyekuwa na muda wa kufunga mota.

Wakapanga upya. Mtoto ananyonya kila anapotafuta, na asipoamka, anaamshwa baada ya saa tatu hivi, mchana na usiku, mpaka muuguzi atakaposema uzito umekaa sawa. Akishanyonya usiku, mama anageuka upande wa ukutani na kulala. Baba ndiye anayemchukua mtoto, anamcheulisha, anatembea naye dakika tano chumbani, anakaa naye kifuani, kisha anamlaza. Alfajiri bibi anapokea, na mama analala tena mpaka jua lichomoze.

Mota haikutupwa. Inafanya kazi mchana, dakika kumi kwa saa ya ukutani, mama akiwa ameketi pembeni anamenya viazi. Mkono mmoja una kisu, jicho moja liko kitandani. Mtoto akigeuza kichwa na kutafuta, swichi inazimwa.

Wiki mbili baadaye wakarudi kupima. Kilo 3.9. Muuguzi akaandika kwenye kadi, mstari ukapanda. Bibi hakusema "niliwaambia". Alimfunga mjukuu mgongoni, akakaza kanga, wakaanza safari ya kurudi nyumbani.